Uvimbe Ukiyeyuka, Figo Ndizo Hubeba Mzigo

Ukishuka kutoka Kericho kwenda Kisumu, chai huisha, miwa ikachukua nafasi yake, na ukifika Awasi na Ahero unakuta mpunga, joto na mbu. Safari yenyewe haifiki kilomita mia moja, lakini umeacha mwinuko wa takriban mita 2,000 na kuingia kwenye mita 1,200 hivi. Madaktari wa Afrika Mashariki waliuona mteremko wa namna hii kwenye ramani zao kuanzia mwaka 1961, na ukawasaidia kuielewa limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi ambayo seli zake huongezeka maradufu kila siku moja au mbili. Hakuna uvimbe wa binadamu unaokua haraka kuliko huo.

Kisa cha saratani hiyo kimezoeleka kusimuliwa kama ushindi wa dawa. Dawa zilishinda kweli, tena mapema, tena hapa hapa kwetu. Lakini uvimbe unaoyeyuka kwa siku mbili humwaga takataka zake zote kwenye damu, na kazi ya kuzitoa huangukia figo. Upande huo wa kisa ulichelewa kuandikwa, na katika nchi ya chai ulichelewa zaidi.

Kabla ya 1957: chai, mbu na watu waliohamishwa

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iliwagawia maofisa Waingereza waliojeruhiwa vitani ardhi ya Wakipsigis karibu na Kericho ili walime kitani. Mradi ukafa haraka. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia, zikapanda chai, na kwa kuwa chai haichumwi na watu wachache, zikaanza kuleta vibarua. Wengi walipanda kutoka nyanda za chini za Nyanza, ambako malaria ni ya mwaka mzima.

Nyanda za juu zilikuwa na malaria kidogo sana kabla ya hapo. Wanajeshi na wapagazi waliorudi kutoka vitani, halafu barabara, halafu vibarua, viliipandisha milimani. Ikaja kwa milipuko: msimu wa mvua ukiwa na joto kuliko kawaida, watu wazima kwa watoto wanaanguka pamoja kwa sababu hakuna aliyekuwa na kinga. Kampuni za chai zilijibu kwa kunyunyiza dawa ya mbu na kuwagawia wafanyakazi vidonge vya kinga, na kwa miongo kadhaa milipuko ikatulia.

Wako pia walioteremshwa kwa nguvu. Mwaka 1934 serikali ilipitisha sheria ya kuwafukuza Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, na kuwapeleka Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Watu wa baridi wakatupwa kwenye joto, mbu na ndorobo. Wengi walikufa huko, na kilio cha haki yao hakijaisha hadi leo. Naitaja habari hii kwa sababu Gwassi iko ndani ya eneo ambalo baadaye lilikuja kujulikana kama ukanda wa limfoma. Nani alifaa kuishi wapi, na nani alihamishiwa wapi, yalikuwa maamuzi ya kisiasa muda mrefu kabla hayajawa maswali ya kitabibu.

Upande mwingine wa nchi ya chai, mwaka 1937, wamisionari wa World Gospel Mission walifungua zahanati Tenwek, karibu na mji wa sasa wa Bomet. Ilikaa zaidi ya miaka ishirini bila daktari wa kudumu, hadi Ernest Steury alipofika mwaka 1959. Mgonjwa aliyekuwa na uvimbe wa tumbo uliokua ghafla katika miaka hiyo alipata ganzi na kisu, kama alibahatika. Dawa ya saratani haikuwepo, na kwa hiyo hata madhara yake hayakuwepo.

1957 hadi 1964: ramani na gari kuukuu

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mwenzake alimwita Denis Burkitt amtazame mtoto mwenye uvimbe pande zote nne za taya. Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa na jicho moja tangu utotoni, hakujua ni nini. Muda mfupi baadaye akamwona mwingine Jinja. Maandishi yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1958, naye akaanza kutuma vikaratasi vya maswali kwenye hospitali za serikali na za misheni: je, mmewaona watoto wa namna hii?

Oktoba 1961 yeye na madaktari wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford. Kwa wiki kumi walisafiri takriban maili 10,000 na kutembelea hospitali 57 hadi kusini mwa bara. Walichokuta ni mpaka. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa futi 5,000 hivi, yaani mita 1,500, na kadiri walivyokwenda kusini mpaka huo ulishuka. Alexander Haddow wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe akaonyesha kwamba ule haukuwa mpaka wa mwinuko wenyewe. Ulikuwa mpaka wa joto na mvua. Mwaka 1962 Gilbert Dalldorf, aliyefanya kazi na watafiti wa Nairobi, akautaja mshukiwa: malaria.

Kericho na Bomet zikabaki juu ya mstari. Tuseme kwa uangalifu hapa, maana Kaunti ya Kericho ya leo haikai yote juu. Soin, kwenye ukingo wa bonde la Nyando, ni nchi ya joto na miwa, na mtoto wa Soin anaishi karibu zaidi na mbu wa tambarare za Kano kuliko na majani chai ya Kericho mjini. Mstari wa Burkitt unapita ndani ya kaunti.

Halafu kikapatikana kirusi. Machi 1961 Burkitt alizungumza katika hospitali ya Middlesex mjini London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwa mtafiti aitwaye Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi ambacho leo kina majina ya wawili kati yao. Huku kwetu karibu kila mtu hukipata utotoni. Malaria isiyokoma ndiyo inayokiamsha: huzidhoofisha seli zinazokidhibiti na kuzichochea zile zinazokibeba. Mwaka 2005 utafiti ulioongozwa na Ann Moormann ulilinganisha watoto wa Kisumu na wa Nandi, jirani ya Kericho, ukakuta wale wa Kisumu wakibeba kirusi kwa wingi zaidi, hasa wadogo wa chini ya miaka mitano. Ndiyo maana milipuko ya malaria kwenye mashamba ya chai, kali kama ilivyokuwa, haikuzaa limfoma ya Burkitt. Malaria ya msimu haitoshi.

1960 hadi 1973: dozi moja, na kisha kifo

Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakikufaa kwa uvimbe unaorudi kabla mshono haujapona. Burkitt akaanza kujaribu dawa alizopewa na marafiki wa Marekani, Joseph Burchenal wa New York akiwa mmoja wao. Nairobi, katika hospitali ambayo sasa ni ya Kenyatta, Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo, alikuwa akifanya vivyo hivyo. Methotreksati, saiklofosfamaidi, vinkristini: mara nyingine sindano moja tu, na taya lililokuwa limefura likarudi umbo lake ndani ya siku chache. Wapo watoto waliopona moja kwa moja kwa dozi ambayo leo tungeiona ndogo mno. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, chini ya Mmarekani John Ziegler. Ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker, na mwaka huo huo, Idi Amin akiwa madarakani, Charles Olweny, Mganda, akashika usukani wa taasisi.

Lakini wengine walikufa siku ya pili au ya tatu baada ya sindano, uvimbe ukiwa unapungua vizuri. Mwaka 1973 kundi la madaktari wa Marekani liliandika katika jarida la Lancet juu ya wagonjwa wa limfoma ya Burkitt ambao potasiamu ilipanda mno kwenye damu mara baada ya tiba.

Sababu yenyewe ni rahisi kuifuata. Karibu potasiamu yote ya mwili hukaa ndani ya seli, na kiasi kidogo tu huelea kwenye damu. Seli za saratani zikipasuka kwa mabilioni, potasiamu inamwagika, na moyo unaanza kupiga ovyo, hatimaye unasimama. Fosfeti nayo inamwagika, na seli hizi zinaweza kuwa nayo hadi mara nne ya seli za kawaida; inashikana na kalsiamu ya damu, kalsiamu inashuka, misuli inakakamaa, mgonjwa anapata degedege. Viini vya seli vinavunjwavunjwa kuwa asidi ya yuriki, ambayo haiyeyuki vizuri kwenye mkojo wenye uchachu na huganda kama mchanga kwenye mirija ya figo. Mkojo ukikata, kila kilichotajwa hapo juu hakina pa kutokea. Wengine huwa wamefika kwenye hali hiyo hata kabla ya dawa, kwa sababu uvimbe unaokua kwa kasi hiyo hujifia wenyewe kwa ndani.

1966 hadi 1980: kidonge cha figo

Tiba ya nusu ya tatizo hilo ilikuwa tayari kabatini. Gertrude Elion na George Hitchings, wakemia wa Marekani, walitengeneza alopurinoli wakitaka kuifanya dawa yao ya lukemia idumu zaidi mwilini. Kwa lengo hilo haikufaa sana. Ila waligundua kwamba inazuia mwili kutengeneza asidi ya yuriki, na mwaka 1966 ikaidhinishwa Marekani kwa ugonjwa wa jongo. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988 pamoja na James Black. Kidonge hicho ni cha bei nafuu, na kwa maoni yangu kimeokoa maisha mengi ya wagonjwa wa limfoma kuliko kinavyosifiwa.

Ila kina mpaka wake: kinazuia asidi mpya, hakiondoi iliyokwisha tengenezwa. Kwa hiyo lazima kianzishwe kabla ya dawa za saratani, pamoja na maji mengi ya mshipa. Hilo lilikaa sawa mwaka 1980, pale Lawrence Cohen na wenzake walipochapisha mapitio ya wagonjwa 37 wa limfoma ya Burkitt na kuieleza sindromu hii ya kuyeyuka kwa uvimbe kwa utaratibu: nani yuko hatarini, kipi kipimwe, lini mgonjwa apelekwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Miongoni mwa waandishi walikuwamo Ziegler na Ian Magrath, wote wawili waliowahi kufanya kazi Kampala. Elimu iliyoanzia Mulago ilirudi kama kanuni, nayo ilihitaji vitu ambavyo Mulago ya wakati huo, baada ya Amin, haikuwa navyo tena: maabara ya kupima potasiamu mara kadhaa kwa siku, na mashine ya figo.

1984 hadi 2009: Ukimwi waufuta mstari

Kenya ilirekodi mgonjwa wake wa kwanza wa Ukimwi mwaka 1984. Mashamba ya chai, yenye vijana wengi walio mbali na kwao, mishahara ya mwisho wa mwezi na nyumba za kampuni, hayakusalimika. Kuanzia mwaka 2003 watafiti wa taasisi ya Walter Reed walio Kericho waliwafuatilia zaidi ya watu 2,000 wanaoishi kwenye mashamba hayo. Zaidi ya mmoja kati ya kumi alikuwa na virusi vya Ukimwi.

Hapo ramani ya Burkitt ikapoteza maana yake kwa watu wazima. Kinga iliyobomolewa na VVU haihitaji mbu ili kirusi cha Epstein na Barr kiamke. Limfoma kali za watu wazima, ile ya seli kubwa za B na hata Burkitt yenyewe, zilipanda hadi kwenye baridi ya Kericho na Bomet. Wagonjwa nao walikuwa wa aina nyingine: si mtoto wa miaka saba mwenye taya lililovimba, ni mchuma chai wa miaka thelathini na tano mwenye tezi za shingo, tumbo lililojaa, uzito uliopungua, na mara nyingi vidonge vya ARV vyenye tenofovia, dawa nzuri ambayo kwa baadhi ya watu huzichosha figo. Figo hizo hizo ndizo zitakazotakiwa kuhimili kuyeyuka kwa uvimbe.

Afrika Mashariki ilijaribu njia yake. Mwaka 2009 Walter Mwanda wa Nairobi, Jackson Orem wa Kampala na wenzao walichapisha matokeo ya wagonjwa 49 wa limfoma ya Ukimwi waliotibiwa kwa vidonge tupu, dozi zikiwa zimepunguzwa kwa makusudi ili tiba yenyewe isiue. Kuna waliouona mpango huo kama tiba ya maskini. Mimi naona ulikuwa na akili: pasipo kitanda cha uangalizi mkali, daktari anayeanza taratibu si mwoga.

Kwa watoto, mtandao wa kimataifa ulioongozwa na Magrath ulitumia dawa tatu za tangu enzi za Burkitt katika vituo vya Tanzania, Kenya na Nigeria. Matokeo ya wagonjwa 356, yaliyochapishwa mwaka 2012 na Twalib Ngoma wa taasisi ya saratani ya Ocean Road na wenzake, yalionyesha kwamba zaidi ya nusu walikuwa hai baada ya miaka miwili. Dawa zilikuwa za miaka ya 1960. Kilichoongezwa kilikuwa utaratibu.

2004 hadi sasa: saa sabini na mbili

Mwaka 2004 Mitchell Cairo na Michael Bishop waliweka vigezo ambavyo hospitali nyingi duniani hutumia: asidi ya yuriki, potasiamu na fosfeti zikipanda, kalsiamu ikishuka, viwili kati ya hivyo vikitokea kuanzia siku tatu kabla ya tiba hadi siku saba baada yake, sindromu ipo. Hatari kubwa ni siku tatu za kwanza za dawa.

Vigezo hivyo husomeka vizuri kwenye karatasi. Tazama vinavyofika nchi ya chai. Damu inatolewa kwenye zahanati ya shamba au hospitali ndogo, inawekwa kwenye kisanduku cha baridi, inabebwa kwa pikipiki juu ya barabara ya murram hadi kwenye maabara kubwa. Ikitikisika sana au ikikaa saa nyingi, chembe nyekundu hupasuka ndani ya kichupa na kumwaga potasiamu yake. Majibu yanakuja: potasiamu iko juu. Je, ni mgonjwa anayekufa, au ni kichupa? Kumtibu mtu kwa potasiamu asiyo nayo ni hatari. Kungoja kipimo cha pili, ikiwa anayo kweli, ni hatari zaidi. Moyo unaweza kusaidia kujibu, kwa sababu mashine ya kupima umeme wake huonyesha mawimbi yaliyochongoka potasiamu ikizidi. Muuguzi mwenye kitabu cha mkojo naye anasaidia: ameingiziwa lita ngapi, ametoa ngapi, saa ngapi. Kitabu hicho ni karatasi ya mistari tu, na bado sijui chombo kinachookoa figo nyingi kuliko hicho kwa bei yake.

Halafu kuna chakula. Mgonjwa wa Bomet akilazwa, jamaa hawaji mikono mitupu. Huja na mursik, maziwa yaliyochachushwa kibuyuni, na ndizi, na parachichi, na viazi, kila kimoja kikiwa na potasiamu, na maziwa yakiwa na fosfeti juu yake. Kumwambia mama mkwe kwamba kibuyu alichokiandaa kwa mkaa wa senetwet hakiruhusiwi kwa siku chache ni kazi nyeti, na ni sehemu ya tiba kama dripu ilivyo. Wauguzi wanaosema Kikipsigis huifanya vizuri kuliko kipeperushi chochote.

Mashine za kusafisha damu nazo zilikuja kwa siasa. Kwa miaka mingi figo zikifeli njia ilikuwa Nairobi, Eldoret au Kisumu. Mwaka 2015 serikali kuu ilianza mpango wa kukodisha vifaa kwa hospitali za kaunti, mashine za figo zikiwemo, mpango ambao magavana na Seneti waliulalamikia kwa gharama na kwa mashine zilizopelekwa mahali pasipo na wataalamu. Lawama nyingi zilikuwa za haki. Hata hivyo mgonjwa wa limfoma anayehitaji kusafishwa damu mara tatu nne hadi uvimbe umalize kuyeyuka, kisha figo zake zirudi kazini, hasaidiwi na mashine iliyo mji mwingine. Figo hizi mara nyingi hupona, tofauti na za mgonjwa wa kisukari wa muda mrefu, na ndiyo maana kukosa mashine kwa wiki moja ni hasara mbaya kuliko nyingine.

Nchi tajiri zimepata dawa nyingine. Rasburikezi, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2001 na Marekani mwaka 2002, huivunja asidi ya yuriki iliyokwisha tengenezwa, ndani ya saa chache. Bei yake inaiweka mbali na wengi wetu, lakini bei siyo kikwazo pekee. Dawa hiyo hupasua chembe nyekundu za mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo wa kurithi umeenea zaidi pale ambapo malaria ilitawala kwa vizazi vingi, kwa kuwa humkinga mtoto kiasi dhidi yake. Mchuma chai aliyezaliwa Kericho, ambaye babu yake alipanda kutoka Kano kutafuta kibarua, anaweza kuwa na urithi huo ingawa yeye mwenyewe hajawahi kuishi na mbu. Kwa hiyo kabla ya kumpa dawa mpya kuliko zote, daktari anapaswa kuuliza kwao ni wapi, na kupima.

Kwa wasiopata dawa hiyo utaratibu umebaki ule ule wa 1980, pamoja na hekima iliyoongezwa baadaye: dozi ndogo ya utangulizi ya steroidi au ya saiklofosfamaidi, ili uvimbe uanze kuyeyuka kidogo kidogo, maji yakitangulia, alopurinoli ikiwa imeanzishwa siku moja au mbili kabla, potasiamu ikitolewa kwenye dripu badala ya kuwekwa kama ilivyo desturi. Alopurinoli imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na hupatikana kwenye maduka ya dawa ya kawaida. Swali linalobaki Kericho na Bomet ni la saa: mgonjwa aliyefika Jumamosi jioni na tumbo lililokua kwa wiki mbili ataanza kidonge hicho usiku huo huo, au Jumatatu daktari wa saratani atakapoingia wodini?